Kiesperanto kwa Njia ya Mkato: Mwongozo wa Mtu wa Chwele

Najua unachotaka. Unataka kusimama katikati ya soko la Chwele, useme lugha ambayo jirani yako hajawahi kuisikia, na kabla lori la vitunguu halijajaa jina lako liwe limefika Kimilili. Kutaka sifa si dhambi. Nitakuonyesha njia ya mkato, mradi usiwaambie wanaopita ile ndefu.

1. Funga kile kitabu cha Kiesperanto kilichoandikwa kwa Kiingereza. Kiliandikiwa mtu anayeshangaa kwamba kivumishi kinaweza kufuata nomino yake, na kwamba herufi moja inaweza kutosheka na sauti moja. Wewe hayo unayajua tangu utotoni. Ludwik Zamenhof, daktari wa macho aliyeitoa lugha hii Warsaw mwaka 1887, alikulia Białystok, mji ambao Wayahudi, Wapolandi, Warusi na Wajerumani waliishi pamoja na kugombana kila mmoja kwa lugha yake. Mtu anayenunua viazi kwa Msabaoti, akapatana bei kwa Kiswahili na kumkanya mtoto kwa Kibukusu, hahitaji kuelezwa daktari alitaka nini.

2. Tamka kabla hujasoma. Vokali ni zako zile zile tano, na mkazo hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kama ulivyozoea. Kati ya herufi 28, sita zina alama juu. Ĉ ni ch ya Chwele, ŝ ni sh ya shamba, ĝ ni j ya jogoo. J isiyo na alama isome kama y, na c kama ts. Halafu kuna ĥ, inayowatoa Waingereza jasho. Taja kuku kwa Kibukusu, engokho, nayo imeshatoka. Hapa jivune kabisa.

3. Kariri mikia. Nomino huishia kwa o, kivumishi kwa a, kielezi kwa e. Zile -na-, -li- na -ta- unazoziweka katikati ya kitenzi, Zamenhof alizipeleka mwisho zikawa as, is na os: mi vendas, nauza, mi vendis, niliuza, mi vendos, nitauza. Hakuna kitenzi kinachokiuka kanuni hiyo, hata kimoja, na nafsi haikigusi. Ŝi vendas, ili vendas: yeye anauza, wao wanauza, na mkia ni ule ule. Jioni moja inatosha.

4. Usikariri msamiati, uzalishe. Huu ndio ulaghai mtamu kuliko wote, nao ni halali. Chukua koko, jogoo. Pachika in upate kokino, kuku jike. Pachika id upate kokido, kifaranga. Pachika ej, inayotaja mahali, upate kokejo, banda lao. Neno moja limekupa mfugo mzima, na viambishi hivyo hivyo vinafanya kazi kwa ng'ombe: bovo, bovino, bovido, bovejo. Kisha jifunze mal, inayogeuza maana kuwa kinyume. Bona ni nzuri, malbona mbaya. Riĉa ni tajiri, malriĉa maskini. Varma ni moto, malvarma baridi. Nusu ya vivumishi vyako umeipata bure. Anayesema pika, pikia, pikisha na pikwa bila kufikiri hana sababu ya kuogopa viambishi.

5. Wingi ni j tu: tomato, tomatoj. Kivumishi huandamana na nomino, bonaj tomatoj, nyanya nzuri. Kitabu cha Kiingereza kinakaa hapa muda mrefu kuomba radhi. Wewe unayepanga kitunguu kizuri, vitunguu vizuri na maembe mazuri kwenye meza moja, pita haraka.

6. Wakikuuliza utazungumza na nani, wajibu bila kupepesa: Agosti 2024 Kongamano la Dunia la Kiesperanto, la 109, lilifanyika Arusha, mara ya kwanza katika ardhi ya Afrika. Ni hapa tu, ukishavuka Namanga. Nyamaza kidogo wameze.

7. Sasa n, kisiki cha wengi. Kinachotendwa hupewa n mwishoni: la hundo ĉasas la kokon, mbwa anamfukuza jogoo. Kwa kuwa n inaonyesha nani anafukuzwa, unaweza kupindua sentensi, la kokon ĉasas la hundo, na jogoo bado ndiye anayekimbia. Nakushauri upindue mara nyingi. Msikilizaji atadhani umesoma miaka. Kama kuna j, n hukaa nyuma yake, na kivumishi nacho hudai sehemu yake: mi aĉetas bonajn tomatojn. Ukishindwa kuamua, jiulize kama Kiswahili kingekuruhusu kutia kiambishi cha mtendwa ndani ya kitenzi: ninamwona, ninazinunua. Kama kingekuruhusu, mara nyingi tia n. Ukiisahau, watu bado watakuelewa, kwa hiyo usisimame katikati ya sentensi kuitafuta.

Ukianza na saluton na kumaliza na dankon, yaani salamu na asante, umetumia n mara mbili, tena mahali pake. Salamu na shukrani hizo ni vitu unavyompa mwenzako, hata kama kitenzi chenyewe hukukitamka.