Kazi 7 za Sanaa Zinazogombea Ukuta wa Darasa: Kuanzia ya Mkiani Hadi Bingwa

Ukuta wa darasa la shule ya msingi ni kama daladala ya asubuhi: nafasi chache, wanaotaka kupanda wengi. Leo tunaamua nani anakaa, nani anasimama na nani anashuka kituo kinachofuata. Kigezo kikuu ni kimoja: mkono wa mtoto unaonekana kiasi gani? Urembo utasubiri zamu yake. Mwalimu, mzazi, kaa chonjo, na chaki ya kurusha iwe karibu.

7. Sanamu ya kutishia ndege
Mwaka 2021 nchini Kenya, chini ya mtaala wa umilisi, picha za sanamu hizi, zikiwa kazi za wanafunzi, zilizagaa mitandaoni: shati kuukuu, kofia, mabua, na mzazi pembeni. Wazo lenyewe ni zuri, maana shambani sanamu ina kazi ya kweli. Lakini mtoto akilala saa mbili na kuamka akakuta kazi yake imekamilika, alama tunampa nani? *Hukumu:* irudi nyumbani mpaka mtoto aifunge kamba mwenyewe, hata ikiinama. Ndege haogopi unadhifu.

6. Nyumba ya pembetatu
Unaijua: paa la pembetatu, mlango katikati, madirisha mawili, jua kwenye kona. Mwalimu kaichora ubaoni, darasa zima likanakili. Ukizibandika zote huna picha 60; una picha moja iliyotembelea madawati yote. Dawa ni kufuta ubao na kuuliza: “Kwenu mnaanika wapi nguo? Nani hulala mlangoni?” Hapo ndipo paka, ndoo za maji na pikipiki ya mjomba vinapojitokeza. *Hukumu:* jua libaki, ila litoke kwenye kona.

5. Ramani ya mbegu
Maharage, choroko, mtama na gundi ya unga wa muhogo uliopikwa. Mtoto anachagua punje kwa punje, na vidole vinapata mazoezi ambayo penseli itayashukuru. Tatizo ni wakaguzi wa usiku. Ijumaa mmeacha ramani kamili ya Tanzania. Jumatatu Kigoma imeliwa na Tabora ina alama za meno. *Hukumu:* ining'inizwe kwa uzi katikati ya darasa. Panya naye anapenda sanaa, ila huipenda kwa tumbo.

4. Chui wa boksi
Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 kwa alichokipata: vipande vya hadibodi na rangi za kupaka baiskeli. Alifariki mwaka 1972, na mtindo wake bado unaitwa kwa jina lake. Darasa lisilo na bajeti lipate mfano gani zaidi ya huo? Pande la boksi, kijiti kilichotafunwa ncha kikawa brashi, mnyama mmoja, madoa kwa wingi. Kinachomshusha ni tamaa ya kumnakili chui wa dukani. *Hukumu:* chui wa zambarau akae mbele. Madoa yakizidi, ni ya kwake.

3. Khanga ya karatasi
Kata bamia kwa upana, chovya kwenye rangi, gonga: nyota! Kiazi kinahitaji fundi wa kisu. Bamia imezaliwa na muhuri. Chapa hizo zinakuwa pindo, katikati unapangwa mji, kisha mtoto anaandika jina la khanga yake. Utamu uko hapo, maana hakosi wa kuandika “Kaka kala kipande changu” kwa herufi kubwa, mtaa mzima ukajua. *Hukumu:* kamba ya nguo, vibanio, varandani. Fremu ya nini?

2. Gari la waya
Magurudumu ya ndala iliyochoka, taa za vizibo vya soda, usukani mrefu wa kuendeshea ukiwa umesimama. Mara nyingi fundi wake kajifunza mtaani, kwa mtoto aliyemzidi miaka miwili. Mwalimu, weka vifaa mezani, kaa pembeni, utaona uhandisi. Mbona basi si bingwa? Halitulii. Kengele ya mapumziko ikilia, maonyesho yameondoka yakipiga honi. *Hukumu:* lipewe maegesho dirishani, na kibao chenye jina la dereva.

1. Ng'ombe wa udongo
Bingwa! Udongo hauna kinyongo: ukikosea, unaukanda upya. Mtazame kwa karibu. Pembe moja fupi, alama za vidole mgongoni, miguu ililegea kabla ya kukauka, tumbo limegusa meza. Mtu mzima anaona ng'ombe aliyeanguka. Muulize mtoto mwenyewe, atakwambia: “Amelala. Katoka malishoni, mbali.” Yaandike maneno hayo hayo, usiyanyooshe, uyaweke mbele ya ng'ombe pamoja na jina la mfinyanzi. *Hukumu:* ng'ombe aliyeelezwa na mwenyewe hashindwi na chui yeyote.

Najua timu ya magari imeshanuna. Leteni hoja, hata za kutetea pembetatu. Ila kabla ya ubishi, ingia darasani, chuchumaa mpaka macho yako yawe usawa wa mtoto wa darasa la pili, kisha utazame ukuta. Ukiona plasta tupu na kazi zote ziko juu ya kichwa chako, zishushe kwanza. Tutabishana tukiwa huko huko chini.