Udereva wa Mezani

Mpwa wangu amepata leseni, na ghafla mimi ndiye mjomba anayependwa kuliko wote. Ananisalimu asubuhi, ananisalimu jioni, macho yakiwa kwenye ufunguo wa gari.

Sipingi hata kidogo kijana kulazimishwa kupitia shule ya udereva. Ninachopinga ni ile meza. Mkenya gani asiyeijua? Ubao umechorwa mji mzima, na mwanafunzi anasukuma kigari cha kuchezea kwa kidole huku akikariri: naangalia kulia, kushoto, kulia tena, ni salama, naingia. Ni salama, kwa nini isiwe? Mji ule hauna matatu. Hauna bodaboda anayekujia upande wako akiwa na abiria wawili na godoro. Hakuna anayeruka ukingo Thika Road kwa uvivu wa kupanda daraja. Mvua hainyeshi, na usiku haujawahi kuingia.

Wakitoka mezani, wanajazana wanne ndani ya gari moja, kila mmoja dakika zake chache, mwalimu mguu kwenye breki na simu sikioni.

"Mjomba, niulize swali lolote," akajigamba.

Mwendo wa mwisho mjini?

"Hamsini!"

Gari likiteleza kwenye mvua?

"Hilo halikuwa kwenye ubao."

Shirika la Afya Duniani linasema ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kwa kuua watu wa miaka 5 hadi 29. Umri wake huo! New Zealand waliliona mapema. Tangu 1987 kijana hapewi barabara yote kwa mkupuo. Hata akishafaulu kuendesha peke yake, kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na moja alfajiri hashiki usukani bila dereva mzoefu pembeni, wala hapakii marafiki. Wanajua kinachomponza kijana: giza, na wenzake wa kiti cha nyuma wanaopiga kelele "ongeza!" Kwetu leseni ikitoka Ijumaa mchana, Ijumaa usiku gari limejaa, linaelekea Naivasha.

Basi nikamwambia gari nitampa, ila kwa masharti ya New Zealand. Haikupita saa, mama yake akanipigia.

"We kaka, hilo gari lina namba ya Kenya au ya New Zealand?"

Jibu sina. Ufunguo nao siutoi.