Farasi 220 Kitengela

Huku Kitengela gari la kijana husikika kabla halijaonekana. Saa saba usiku mbwa wametulia, fisi wa upande wa mbuga wamenyamaza, kisha kutoka barabara ya Namanga unaanza mngurumo ambao mgeni hudhani ni lori linamwaga kokoto. Wenyeji hatuamki. Tunajua ni Subaru, tunajua mwenyewe hajafika miaka thelathini, na tukitega sikio vizuri tunaweza hata kukisia iwapo mafuta aliyo nayo yatamfikisha nyumbani.

Mpwa wangu alijiunga na kikosi hicho alipopata kazi ya kudumu katika kiwanda kimoja pale EPZ, Athi River. Kwetu kijana akipata kazi ya kudumu hutazamiwa kununua ploti ya hamsini kwa mia. Kitengela yenyewe ilijengwa na homa hiyo ya ploti: Wamaasai walipogawana ranchi yao ya pamoja mwishoni mwa miaka ya 1980, wafanyakazi wa Nairobi walianza kumiminika na akiba zao, na kila mmoja akaondoka na kipande. Yeye hakununua kipande chochote. Alichukua mkopo wa sacco akanunua Forester ya turbo, rangi ya buluu. Mama yake, ambaye ni dada yangu, akanipigia simu kutoka Machakos.

“Wewe ndiye mjomba,” alisema. “Niulizie huyo mtoto, hilo gari litalala wapi na yeye mwenyewe amepanga chumba kimoja?”

Nikaenda kuliona. Lilikuwa limetengenezwa mwaka 2005. Kenya hairuhusu gari kuukuu lililozidi miaka minane kuingizwa nchini, kwa hiyo lilipoteremshwa bandarini Mombasa bila shaka lilikuwa bado na heshima zake. Tangu hapo lilikuwa limepitia mikononi mwa vijana kadhaa, na kila mmoja aliliachia ukumbusho. Mmoja alijaza spika nyuma hadi buti ikakosa nafasi ya gurudumu la akiba. Mwingine aling’oa bomba la moshi la kiwandani akatia jingine linaloingia ngumi ya mtu mzima. Wa tatu alikata springi ili gari likae chini, karibu na lami. Kuhusu wa mwisho sijui alifanya nini, ila tangu enzi zake taa ya injini kwenye dashibodi haijawahi kuzimika.

“Farasi mia mbili na ishirini, anko,” mpwa wangu alisema huku akiligonga boneti kwa upendo.

Mimi ni mtu wa kusoma, nikaenda kuchunguza farasi hao wanalia kwa nini. Kumbe injini ya Subaru haikusimama, imelala: pistoni zinatazamana, upande huu na upande ule, muundo ambao Mjerumani Karl Benz aliubuni tangu miaka ya 1890. Katika zile za turbo za zamani, mabomba yanayotoa moshi upande mmoja ni marefu kuliko ya upande wa pili. Moshi wa huku hufika mapema, wa kule huja umechelewa, na hapo ndipo unapozaliwa ule mngurumo wa kudundadunda ambao vijana wa Kitengela huutolea pesa. Nilimweleza mpwa wangu kwamba anachokiringia ni sauti ya moshi uliochelewa kazini. Hakufurahi.

Ukimuuliza kwa nini Subaru na si gari la watu wazima, atakutajia Safari Rally, na hapo ana hoja. Colin McRae alishinda Safari ya mwaka 1997 akiwa na Impreza, Richard Burns akashinda ya mwaka 2000 na Impreza vilevile, na miaka hiyo mashindano yalikuwa yakikatiza huku kwetu Kajiado, pande za Oltepesi. Watoto walisimama kando ya njia wakala vumbi la bingwa wa dunia, na vumbi la namna hiyo halitoki kifuani. Safari iliporudi kwenye ratiba ya dunia mwaka 2021, kule Naivasha, baada ya kukosekana tangu 2002, kila Subaru yenye uwezo wa kuwaka ilielekea huko, na nyingine ambazo hazikuwa na uwezo huo pia.

Tatizo ni kwamba mpwa wangu anazijua habari za McRae na Burns tu. Mimi humkumbusha Safari ya 1993, Subaru walipoleta Vivio, kigari chenye injini ya cc 660, ndogo kuliko ya pikipiki kubwa. Kimojawapo alipewa McRae huyohuyo, akakiendesha kwa hasira zake zote na hakumaliza. Kingine alipewa Mkenya, Patrick Njiru. Njiru alikisihi na kukibembeleza maelfu ya kilomita za mawe na matope, na akakifikisha mwisho wa safari. Nikifika hapo mpwa wangu hukumbuka kwamba ana simu ya kupiga.

Jumapili moja alisema twende Kajiado tukale nyama, nione gari linavyokwenda. Nilifunga mkanda kabla yeye hajafungua mlango wake.

Kutoka mtaani hadi kuipita Kitengela mjini, farasi 220 walikaa nyuma ya mkokoteni wa maji uliovutwa na punda wawili. Matatu zilikuwa zimepanga foleni pande zote, boda boda zikipenya katikati, na mhubiri mwenye kipaza sauti akitutazama moja kwa moja alipofika kwenye habari za ziwa la moto. Sheria inasema mjini ni kilomita 50 kwa saa. Hatukuwa na njia ya kuivunja.

Mji ulipoisha barabara ikafunguka kuelekea Isinya, nyasi huku na huku, mbingu pana, naye akakanyaga. Nitasema ukweli, kwa kuwa insha za wazee kuhusu mwendo wa vijana huficha sehemu hii: ilikuwa raha. Kisogo kiligonga kiti, turbo ikapiga mluzi, na mwili wangu ukakumbuka umri ambao kichwa kilikuwa kimeusahau. Raha yenyewe ilidumu hadi tuta la kwanza. Gari lililokatwa springi halipandi tuta, hulivuka kwa mshazari, gurudumu moja moja, huku dereva amefumba jicho na kusikiliza chini. Tukavuka hivyo. Tukakanyaga tena, tukakuta lori la saruji. Tukalipita, tukakuta tuta.

Karibu na Isinya tulipitwa na Probox. Ilikuwa imebeba mbuzi nyuma, magunia juu, idadi ya abiria ambayo sitaitaja kwa kuwa askari wa trafiki nao husoma, na dereva wake alikuwa akizungumza kwenye simu kwa utulivu. Injini yake ni ya cc 1500, haina turbo wala mluzi.

“Nilikuwa bado napasha injini moto,” mpwa wangu alisema baada ya muda.

Mbele ya Isinya tukasimama kabisa. Ng’ombe walikuwa wakivuka, kundi refu, na nyuma yao mzee aliyejifunga shuka nyekundu, fimbo mabegani, hana haraka na mtu. Mpwa wangu akapiga honi. Ng’ombe waliokuwa wakitembea wakasimama. Akakanyaga mafuta gari likiwa palepale, bomba likanguruma na kulipuka mara mbili. Hapo hata wale waliokwisha kuvuka wakageuka kuja kutazama. Mzee akasogea hadi dirishani.

“Supa.”

“Ipa, mzee,” nikajibu.

Akainama, akalisikiliza gari kwa makini, kisha akamtazama mpwa wangu kwa huruma.

“Hii gari iko mgonjwa?”

“Si mgonjwa, mzee. Ni turbo.”

“Pole,” mzee akasema, akarudi kwa ng’ombe wake.

Nilicheka hadi Kajiado. Lakini ng’ombe haohao ukiwakuta usiku hawachekeshi. Kwa mwendo wa kilomita 120 kwa saa gari humeza mita 33 kila sekunde, na taa za chini hazimuliki hata mita 100. Fanya hesabu mwenyewe: ng’ombe mweusi, lami nyeusi, na dereva aliyekuwa akitafuta wimbo. Si ng’ombe peke yao. Pundamilia na nyumbu wanaotoka Mbuga ya Nairobi kwenda nyanda za Athi-Kapiti walikuwa wakipita huku kabla ya lami, kabla ya ploti na kabla ya sisi sote, na kadiri nyua zinavyoongezeka ndivyo wanavyopita popote walipobakishiwa mwanya. Katika mitaa yetu kuna mama ambao wakisikia mngurumo usiku hukaa kitandani wakihesabu mpaka lango lifunguliwe. Dada yangu anaishi Machakos, mbali na sauti hiyo, na sijui kama hilo ni nafuu kwake.

Kajiado tulikula mbuzi, tukalipa, na mpwa wangu akaingia kituo cha mafuta huku akinitazama kwa pembe ya jicho. “Anko, tuongezee farasi majani.” Ilikuwa Oktoba 2023, lita moja ya petroli Nairobi ilipofika Sh217.36. Tangi la Forester ni la lita 60. Kulijaza kulikuwa zaidi ya Sh13,000, yaani kodi ya chumba anacholala yeye mwenyewe pamoja na stima. Siku hiyo nilielewa kwa nini Subaru za Kitengela hunguruma wiki ya kwanza ya mwezi, hupungua ya pili, na kuanzia tarehe 15, mamlaka ya nishati, EPRA, ikishatangaza bei mpya, mtaa mzima hulala unono.

Mvua ilitupata tukirudi. Asiyekaa Kitengela hajui udongo wetu mweusi. Wakati wa jua hupasuka nyufa za kumeza kiatu. Ukinyeshewa kidogo tu hushika kila kinachougusa na haurudishi. Tulipoacha lami kuingia mtaani nilimshauri aliache gari kwenye kituo cha mafuta tutembee.

“Magurudumu yote manne yanavuta, anko. Hii si Vitz.”

Ni kweli hakuna gurudumu lililobaguliwa. Yote manne yalizunguka kwa bidii sawa, yakaturushia matope mpaka kwenye paa, na gari likashuka taratibu hadi tumbo likatulia chini. Springi zilizokatwa hazikuwa na la kusema. Vitz ya jirani ilikuwa imeegeshwa kwenye lami, safi, mwenyewe amekunja suruali na kwenda zake.

Akatokea mwenye mkokoteni wa maji. Alitazama, akazunguka nyuma, akatazama tena.

“Elfu moja,” akasema.

“Elfu moja, mzee? Si ni hapo tu, mita kumi!”

“Basi ngoja ikauke.”

Nililipa mimi. Mzee akawafungua punda wake kwenye mkokoteni, akaazima wawili wa mwenzake, akafunga kamba chini ya bampa. Watoto walikuwa wamejaa, mmoja akirekodi kwa simu ya mamake. Punda wanne wakainamisha vichwa, sisi tukasukuma, na farasi 220 wakatoka kwenye matope wakivutwa kinyumenyume. Mpwa wangu alimwomba yule mtoto afute video. Mtoto akataka mia.

Turbo ilikufa wiki chache baadaye, bila ajali wala mbio, kwenye foleni ya asubuhi karibu na EPZ. Fundi alieleza kwa upole kwamba turbo ni kijifeni kinachoendeshwa na moshi, huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na kinachokiweka hai ni oili safi peke yake. Akachomoa kijiti cha kupimia, akakifuta, akakirudisha, akakichomoa tena. Kilikuwa kikavu. Akauliza oili ilibadilishwa lini. Mpwa wangu akasema mwezi huo alikuwa amebadilisha taa za mbele. Fundi hakuuliza tena. Aliandika bei kwenye kipande cha katoni, akakigeuza kifudifudi kabla ya kutukabidhi.

Sasa hupanda matatu, ambayo kwa sheria haipaswi kuzidi kilomita 80 kwa saa, na hulalamika kwamba madereva wake wanakwenda mbio mno. Mkopo wa sacco bado anaulipa.

Gari lenyewe linauzwa. Ni la buluu, taa ya injini inawaka mchana na usiku, spika ni nzima, na farasi wote 220 wapo kwa mujibu wa mwenye mali, ingawa kwa sasa wamelala. Bei inazungumzika. Ukitaka kulitazama njoo na fundi wako, na tafadhali uje wakati wa kiangazi.