Klabu ya Siri Yenye Sare

Klabu yetu ni ya watu wazima. Jina siwatajii wala mtaa, kwa sababu kanuni ya kwanza ya katiba yetu inasema yanayoonekana ndani hayatoki nje, na ya pili inasema atakayevunja ya kwanza atatoa kreti mbili za bia. Itoshe kujua kwamba iko Dar es Salaam, inafunguliwa Ijumaa jioni, na wanachama wake ni wenye ndoa, walioachika, wajane na wale ambao ukiwauliza wanakujibu, "Ni stori ndefu." Watu wanacheza muziki, wanakula mbuzi, wanafahamiana. Wengine wanafahamiana zaidi. Hayo si ya gazetini.

Langu leo ni hiyo siri. Hatukosi kuapishana kila tunapokutana, ungedhani tunalinda hazina ya Benki Kuu. Lakini shughuli zote ziko mikononi mwa Katibu, na Katibu ni mstaafu wa masjala. Mtu aliyekula mshahara wa kufungua mafaili maisha yake yote hawezi kuona binadamu wamekaa pamoja asiwafungulie faili.

Fomu ya kujiunga ina kurasa nne. Inataka picha mbili za pasipoti. Inataka dini, na ukishaandika dini inataka dhehebu. Inataka jina la mwajiri na sanduku lake la posta. Halafu kuna kipengele cha "ndugu wa karibu wa kupigiwa simu wakati wa dharura." Jamani! Kwa wengi wetu pale, dharura yenyewe ni huyo ndugu kupigiwa simu. Na ukurasa wa mwisho unadai barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa. Yaani ili niingie mahali ambapo mtu hatakiwi kujua kuwa naingia, sharti nianzie kwa mjumbe, mjumbe anipeleke kwa mwenyekiti, mwenyekiti aniulize barua ni ya nini, nimjibu, na wale akina mama waliokaa kwenye benchi wakisubiri barua za mikopo wanyamaze wasikie vizuri.

Nilimuuliza Katibu fomu zote hizo anazitunza wapi. "Ziko salama, mama. Ziko kwenye buti la gari." Gari hilo siku za kazi linafanya teksi ya mtandaoni, na dereva ni shemeji yake.

Tuje getini. Kuna kaunta buku kubwa iliyopigwa mistari kwa rula, na kalamu imefungwa kamba isiibwe. Jina. Unakotoka. Namba ya simu. Namba ya NIDA. Unakwenda kumwona nani, swali ambalo kwa klabu kama yetu mtu anaweza kusimama akalifikiria mpaka muziki ukaisha. Muda wa kuingia. Sahihi. Na unajaza chini ya wenzako wote waliokutangulia, umesoma kila kitu.

Majina watu wanadanganya, hilo halina shida. Kuna Ijumaa tuliingia akina Juma Hamisi watano mfululizo. Shida ni NIDA. Namba hiyo ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na tarehe uliyozaliwa, zimekaa mbele kabisa kwa kila mwenye macho. Tunaye bwana mmoja, fundi wa rumba, ambaye kwa maelezo yake mwenyewe ana miaka arobaini na mitano. Kila anayejaza baada yake anapitisha kidole mstari wa juu, anakutana na 1964, anameza kicheko, kisha anaandika yake akiwa ameifunika kwa kiganja. Mimi huwa namwambia mlinzi nimesahau miwani.

Na huyo mlinzi ni kijana mwenye adabu, ndiyo taabu yenyewe. Ndani nina jina langu la klabu, zuri tu. Lakini kijana amepanga mtaa wa pili kutoka kwangu, kwa hiyo kila nikishuka kwenye bajaji, mbele ya foleni nzima, ananipokea: "Shikamoo Mama Neema! Baba Neema hajambo?" Utamkemeaje mtoto aliyelelewa vizuri? Baba Neema hajambo, na nilipo anapajua. Ninaowahurumia ni wale wa nyuma yangu, ambao nawaona wanageuka kutazama kama mlinzi na wao anawafahamu.

Ada tunalipa kwa simu. Ndani ya klabu unaweza ukajiita Simba, ukajiita Mfalme, lakini ukishatuma pesa mtandao wa simu unataja majina uliyosajilia laini. Mweka hazina akiupata ule ujumbe anaupiga picha na kuutupia kwenye kundi letu la WhatsApp, majina kamili na kiasi, eti kwa ajili ya uwazi. Kwenye kundi hilo kila mtu anaona namba ya kila mtu. Waliofukuzwa kwa kudaiwa ada waliondoka na namba zetu zote na kinyongo juu.

Hayo yote ningeyavumilia kama tusingeshona sare.

Mswahili akijiunga na wenzake lazima ashone sare, sina ugomvi na hilo. Ila sisi tulitengeneza fulana za zambarau, mgongoni jina la klabu kwa herufi za kusomeka kutoka ng'ambo ya barabara, kifuani maneno "Siri Yetu". Kisha mwenzetu mmoja akafariki, Mungu amrehemu. Alikuwa mtu mpole, mzee wa kanisa, na kwake walijua kwamba Ijumaa huwa yuko kwenye mazoezi ya kwaya. Katiba inasema msiba wa mwanachama ni sare, lazima. Basi tukashuka kwenye Coaster mbili, zambarau tupu, tukaketi mstari wa pili nyuma ya ndugu.

Mshereheshaji akaanza kusoma rambirambi. Ukoo wa baba. Wajomba. Ofisini kwa marehemu. Jumuiya. Kikoba cha mama. Kisha akageuza karatasi na kulisoma jina letu lote, ambalo halihitaji kufafanuliwa, na kiasi, na akaomba tupigiwe makofi. Mjane akanyanyua uso. Akatusoma vifuani mmoja baada ya mwingine, taratibu, kama mtu anayekagua hesabu. Mwalimu wa kwaya naye alikuwa palepale, na nilimwona akikumbuka Ijumaa zake. Hapo ndipo Katibu aliposimama, hakuna aliyemwomba, akashukuru kwa niaba yetu na kusema kwamba marehemu alikuwa mwanachama hai.

Mjane aliuliza jambo moja tu: "Tangu lini?"

Katibu, mtu wa masjala, akataja tarehe.

Wenzetu wa ng'ambo walau waliibiwa. Mwaka 2015 wadukuzi waliojiita Impact Team waliivamia kampuni ya Toronto, Kanada, iliyokuwa ikiendesha Ashley Madison, mahali pa kukutanisha wenye ndoa wanaotafuta wa pembeni. Taarifa za akaunti kama milioni 36 zikamwagwa hadharani. Wamo waliokuwa wamelipa dola 19 ili wafutwe kabisa. Pesa zao zilipokelewa na taarifa zao zikabaki. Ila kilichonifurahisha mimi ni medali. Kampuni ilijitangaza na nishani ya usalama, inapendeza, na wachunguzi wa Kanada na Australia walipofuatilia wakakuta kampuni ilijitengenezea yenyewe. Katibu wetu naye ana mhuri mwekundu wa "SIRI" aliochongesha Kariakoo. Anaugonga juu ya fomu, halafu fomu inarudi kwenye buti.

Kule Berlin kuna klabu iitwayo Berghain, na pale mlangoni simu yako inabandikwa stika kwenye kamera, basi, ingia ukacheze. Nairobi hapo jirani, Septemba 2023, Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza Casa Vera Lounge faini ya shilingi 1,850,000 za Kenya kwa kutundika mitandaoni picha ya mteja bila ridhaa yake. Picha ya mtu mmoja hiyo. Sisi mpiga picha wetu anapita kila meza, na zile anazoziona zimetoka vizuri anaziweka kwenye hali yake ya WhatsApp, ambayo wifi yangu anaifuatilia.

Wala hatuwezi kusema kwetu hakuna sheria. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilitungwa mwaka 2022, ikaanza kutumika Mei 1, 2023, na Tume yake ipo. Kwa kifupi, anayekusanya taarifa za watu ajisajili, achukue zile tu zinazohitajika kwa kazi aliyoitaja, na azilinde. Nilisimama mkutanoni nikalieleza hilo, nikauliza dhehebu langu linahitajika kwa kazi gani kwenye rumba. Katibu alifurahi sana. Akaniambia nimeleta hoja nzito na kwamba ataifungulia faili.

Katibu, najua safu hii huwa unaikata na kuihifadhi, kwa hiyo nakuomba hapahapa. Hizo fomu zitoe kwenye buti uzichane, usizichome nusu kama ulivyofanya na zile za mwaka jana. Ukitaka kumsajili mtu, jina tunalomwita na namba moja ya simu inayopokelewa na yeye mwenyewe vinatosha. Kaunta buku mpelekee mtoto wa shule, mlinzi mpe kadi za namba. Fulana zigawe kwa mafundi gereji wakafutie mikono. Na siku yangu ikifika, njooni na nguo zenu za kawaida, mkae nyuma, na kwenye rambirambi muandike "majirani".