Flashi ya Umma

Jioni ya Forodhani, Unguja, ina kila kitu isipokuwa mwanga. Ina moshi wa mishikaki, ina watalii, na ina vijana wa makachu wanaotimua mbio hadi ukingoni na kujirusha baharini kichwa chini miguu juu. Jua likizama, wao ndiyo kwanza wanapamba moto.

Kwa maelezo, kazi ya kuwapiga picha ni nyepesi. Flashi ndogo ukiipunguza nguvu hadi 1/16, mmweko wake hauchukui hata 1/5000 ya sekunde. Gizani, mmweko huo ndio unaomgandisha mrukaji hewani, ijapokuwa shata iko 1/200 tu. Ukiikimbiza shata zaidi, kamera nyingi zitakuachia utepe mweusi uliommeza kijana kuanzia kiunoni.

Flashi nikamkabidhi kijana mmoja aishike pembeni, mita mbili kutoka kwa mrukaji. Niliitega iitikie mmweko: kiflashi cha kwenye kamera kikiwaka, nayo iwake. Maji yakamrukia mshika flashi, akarudi nyuma hadi mita nne. Umbali ukizidi mara mbili, mwanga hubaki robo, basi nikapandisha nguvu hadi 1/4. Sasa kila ikimweka, inahitaji kuvuta pumzi.

Na flashi iliyotegwa hivyo haina itikadi. Haiulizi nani kaiita.

Dada mmoja, mgeni kutoka Bara, akapiga picha bakuli lake la urojo. Paa! Flashi yangu ikaitika. Mzungu akampiga mkewe. Paa! Bwana harusi akajipiga mwenyewe. Paa! Mrukaji akajitupa, nami nikabonyeza kwa wakati wake hasa. Kimya. Flashi ilikuwa inajaza chaji baada ya kuhudumia wananchi.

"Ami, nimetoka?" mrukaji akauliza, maji yakimchuruzika.

Nikamwonyesha kiza, na ndani yake kitu kinachofanana na kisigino.

"Mbona kwa yule dada nimetoka?"

Nikaenda kutazama. Alibonyeza kufumba na kufumbua kabla yangu, na taa yangu ikamjibu yeye: kijana kaning'inia hewani, vidole vimekunjuka, kila tone la maji linaonekana kama limechongwa, mwanga umeingia kutoka pembeni, palepale nilipoutaka mimi. Picha ya jalada la gazeti, imepigwa kwa kamera ya mfukoni, kwa mkono wa kushoto. Wa kulia umeshika kijiko.

"Kaka," akaniambia kwa furaha, "kesho utaiwasha saa ngapi?"