Menyu Ndefu ya Goba

Goba ya leo si ile ya mashamba. Tumemegwa kutoka wilaya ya Kinondoni tukapewa Ubungo, lami ikafika, na lami ikatuletea migahawa yenye taa za rangi na menyu ya kurasa nane. Humo mna pizza, samaki wa kupaka na sharubati za kila tunda. Uliza pizza: imeisha. Samaki? Leo hawajaja. Sasa dada, kuna nini? "Chipsi mayai, kaka." Hiyo pizza iliisha lini, Mungu ndiye ajuaye, maana jikoni kuna jiko la mkaa na kikaango kimoja.

Pembeni ya kituo cha bajaji, chini ya mabati, yupo mama ntilie. Hana menyu, ana masufuria. Anafunua moja moja ujionee: wali, maharage ya nazi, mchicha, dagaa wa kukaanga. Anapakua, anakuongezea mchuzi bila kuombwa, na pilipili ya kuponda unajichotea mwenyewe koponi. Benchi linayumba, hilo sibishi. Ila ukifika saa tisa ukaambiwa chakula kimekwisha, kimekwisha kweli, sufuria limeshasuguliwa.

Tatizo ni heshima. Mwenye nyumba ya geti hawezi kuonekana pale benchini. Anaegesha ng'ambo ya barabara, anatuma kijana wa bodaboda, anakula garini vioo vimepandishwa. Mama hamwulizi kijana chakula ni cha nani.

"Yule wa Harrier? Mwekee na ndizi."