Sifa za Seva Isiyojua Intaneti

Watu wa Kilifi, wanaoujua mnazi kuanzia mzizi hadi kilele, hawasifu ovyo, maana mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Basi nimemchagua wa kusifiwa ambaye sifa zake hazitamfikia kamwe: seva isiyo na intaneti, ile iliyofungiwa chumbani na kiyoyozi kinachokoroma, ikihesabu swichi na ruta za watu mchana na usiku bila habari kwamba nje kuna dunia. Na katika mambo yake yote nitalisifu lile linalochukiwa zaidi, nalo ni kuipachikia programu-jalizi za kusimamia mtandao. Kwa seva nyingine kazi hiyo ni amri moja na kikombe cha chai. Kwa hii, ni safari.

Fundi anataka jambo dogo tu: programu ya usimamizi iweze kusoma hali ya swichi kwa SNMP, lugha ambayo vifaa vya mtandao vimekuwa vikizungumza tangu 1988. Anapakua faili mjini Malindi, analitia kwenye flashi, anapanda bodaboda, anafika, anachomeka. Seva inakataa: haioni maktaba iitwayo libsnmp. Fundi anarudi mjini. Siku ya pili anakuja na libsnmp, na seva inamwambia kwamba huyo hatembei bila libsnmp-base, tena matoleo yao yaoane na mfumo endeshi uliomo. Ni kama posa. Ulikwenda kwa baba wa binti ukaambiwa kuna mjomba hajaridhika. Mjomba akaridhika, kumbe kuna shangazi yuko Lamu na yeye ndiye mwenye neno. Safari ya tatu ndipo fundi anapofanya lile ambalo angalifanya kwanza: anakaa kitako na kuandika, kitu kwa kitu, nini kinategemea nini. Hapo ndipo sifa yangu inapoanzia. Mwenzake wa seva yenye intaneti amepachika vitu hivyo hivyo kwa dakika moja, na ukimuuliza ameingiza nini ndani ya mashine ya mwajiri wake, atakuonyesha mistari iliyokwisha kupita kwenye skrini.

Pwani hii haihitaji kufundishwa somo hilo na mtu wa kompyuta. Aprili 1498 Vasco da Gama, mgeni ambaye sina haja ya kumpamba, alijua kwamba katikati ya bahari hakuna wa kuulizwa njia, akapakia rubani hapa Malindi. Kusi ikamsukuma, na kabla mwezi haujatimia alikuwa Calicut. Kurudi hakungoja kaskazi. Bahari ile ile ilimlia karibu miezi mitatu, na mabaharia wake wakafa kwa kiseyeye. Tena si mambo ya kale tu. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya Jamhuri, jukwaa la San Marco lililosimama baharini mbele ya Ngomeni lilirusha setilaiti ya kupima mionzi ya eksirei kutoka angani, ikaitwa Uhuru kwa heshima ya siku hiyo. Roketi hairudi Malindi mjini kuchukua skrubu iliyosahauliwa. Kila kilichohitajika kilikuwa kimehesabiwa kabla ya moto kuwashwa.

Kuna mtu ameshaanza kucheka: nasifu usumbufu kwa kuupa jina la nidhamu. Acheke, lakini kwanza aniambie kuhusu Orion. Hiyo ilikuwa programu ya kusimamia mitandao, ya kampuni ya SolarWinds, iliyoaminiwa hata na wizara za serikali ya Marekani. Desemba 2020 ilibainika kwamba wadukuzi walikuwa wametia sumu ndani ya masasisho yake, na wateja wapatao 18,000 walikuwa wameyapokea, yakiwa na muhuri halali wa mtengenezaji. Sumu ile ilikuwa na subira ya mvuvi. Ikishaingia, ililala hadi wiki mbili, kisha ikapiga simu kwao kuuliza amri. Sasa tuseme fundi wetu, kwa uaminifu wake wote, ameibeba kwa bodaboda na kuipachika kwa mkono wake mwenyewe. Ingelala, ingeamka, ingepiga simu, na ingekosa laini. Ingekaa mle chumbani pamoja na kiyoyozi mpaka izeeke.

Pingamizi la flashi, kwamba nayo yaweza kubeba sumu, ni zito zaidi. Programu hasidi ya Stuxnet, iliyogunduliwa 2010, ilikuwa na uwezo wa kuenea kwa flashi, na iliharibu mashinepewa za kurutubishia urani huko Natanz, Iran, mahali palipotengwa na intaneti. Sikatai: mlango uliofungwa kwa intaneti unaweza kuwa wazi kwa mfuko wa shati. Dawa yake ni chungu. Ni kuitenga flashi kwa kazi hiyo pekee, na kulinganisha alama ya SHA-256 ya kila faili na ile iliyotolewa na mtengenezaji: herufi na tarakimu 64, na kompyuta ikisema hazilingani, faili halipiti, hata kama jua la saa saba linakungoja njiani. (Fundi anayelinganisha nne za mwanzo na nne za mwisho tu, huyo simo kwenye kumsifu.) Wengine watasema seva kama hii huchelewa kupata viraka vya usalama. Ni kweli, na hapo sina jibu zuri ila kupanga siku maalumu kila mwezi na kuiheshimu kama Ijumaa. Lakini kuchelewa nako kuna siku yake. Tarehe 19 Julai 2024 sasisho bovu la CrowdStrike, kampuni ya usalama wa kompyuta, liliangusha kompyuta za Windows takriban milioni 8.5 duniani, na zilizoanguka ni zile zilizowahi kulipokea.

Kwa hiyo, msomaji, ukimkuta fundi kwenye steji ya Malindi, flashi ikining'inia shingoni, usimuulize atamaliza lini. Muulize kama amebeba libsnmp-base.